Kwa viraka wa mwaka wa kwanza: jumlisheni wenyewe

Juzi Jumamosi nilipita viwanja vya chuo nilichosoma, nikakuta mambo ni yaleyale. Binti wa mwaka wa kwanza anatoka kwenye mpira wa wavu jasho halijakauka, tayari anavutwa mkono kwenda netiboli kwa sababu C, mchezaji wa katikati, hajafika, na kule kwenye riadha wameshamwandika mita 400 na kijiti. Nikamuuliza mchana amekula nini. Soda na mandazi. Tesiti lini? Akacheka. Nikaona heri niandike, maana kufokea mtu uwanjani hakusaidii. Sisi wenyewe tulifokewa, tukaitikia "sawa dada" huku tunafunga kamba za raba.

Siwaambii mchague mchezo mmoja. Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti, ule uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa hiyo anayekwambia umri umeshapita wa kujaribu kitu kipya, mwache aendelee na kahawa yake. Ninachotaka ni mjue kinachomngoja kiraka, yaani mtu anayetakiwa na kila timu.

1. Kila kocha anajua saa zake tu. Wa wavu anakupa saa mbili, wa netiboli mbili, wa riadha anasema "ni raundi chache tu" halafu zinakuwa kumi. Hakuna anayejumlisha. Marekani, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo kule, imeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu. Kwetu kikomo ni magharibi, na hapo ujue taa za uwanja hazijatengenezwa bado. Kwa hiyo jumlisha mwenyewe, kwenye daftari, ukiweka na vipindi na semina. Wiki ikifurika, mwambie kocha mmoja "leo sipo". Mwambie, usimwombe. Atanuna siku mbili, halafu atakupanga tena, maana wewe ni kiraka na viraka hawapatikani kirahisi.

2. Barua ya ruhusa: nakala tatu, ya idara, ya mhadhiri na yako, zote zigongwe muhuri wa mapokezi kabla hujapanda basi. Usiniambie ofisi ya michezo imeshapeleka. Haijapeleka. Koswek, yaani alama za muhula, ikiwa 40 na UE, mtihani wa mwisho, 60, ukikosa tesiti moja tu bila karatasi mkononi, CR, kiongozi wa darasa, hawezi kukutetea hata akiwa shoga yako. Nimeona watu wakirudi na medali shingoni wakapokelewa na sup, mtihani wa marudio.

3. Kifundo cha mguu. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikuwa kwenye michuano ya vyuo, tumelala kwenye madarasa kama kawaida, magodoro chini. Asubuhi nina mechi ya wavu, jioni nusu fainali ya netiboli. Seti ya pili ya wavu nikaruka kuzuia, na mshambuliaji wao mguu wake ukawa umevuka chini ya wavu. Nikatua juu yake. Wanaocheza wavu wanajua: vifundo vingi huharibikia hapohapo kwenye mstari wa kati. Mguu ukapinda kwa ndani, nikasikia kitu kikikatika kama njiti ya kiberiti. Nikasimama haraka. Nikasema sijambo. Nikamaliza seti.

Chooni nikavua soksi. Upande wa nje kulikuwa na uvimbe kama limau, unaongezeka ninauangalia. Nikaufunga bandeji, nikavaa soksi mbili juu yake, nikakaza raba mpaka vidole vikafa ganzi. Sikumwambia kocha wa wavu, maana angemwambia wa netiboli. Sikumwambia wa netiboli, maana angempanga msichana mwingine. Huyo msichana alikuwa mzima kabisa, amefanya mazoezi ya C muhula mzima, kila siku, wakati mimi nilikuwa natokea nusu ya mazoezi nikitoka kwenye wavu. Alikuwa ananibebea begi.

Mnajua C anavyokimbia. Anaingia kote isipokuwa kwenye nusu duara mbili za kufungia. Na netiboli hairuhusu utue ukikokota: ukishika mpira umetua, mguu wa kwanza ukiuinua lazima mpira uwe umetoka kabla haujagusa chini tena. Sasa mimi mguu wa kutulia ndio uleule. Robo ya kwanza nikajikongoja kwa ujanja, natua kwa mguu mwingine. Robo ya pili mwamuzi akanipigia hatua, akanipigia tena. Wenzangu wakaanza kuniangalia. Mapumziko kocha akauliza, "Una nini wewe?" Nikajibu kwamba sakafu inateleza. Sakafu ya saruji, jua la saa kumi, inateleza!

Robo ya tatu nikaruka kupokea pasi ya WA, mshambuliaji wa pembeni, nikatua, na mguu haukuwepo. Nilianguka na mpira kifuani. Walipovua soksi ya kwanza wakakuta ya pili, walipovua ya pili wakakuta bandeji, na hapo uongo wote ukawa umelala wazi mbele ya timu nzima. Makocha wote wawili wakanisimamia kichwani, wakaanza kugombana nani ameniumiza, kisha wa wavu akainama akaniuliza kwa upole, "Lakini kesho utaweza?"

Yule msichana aliingia tukiwa nyuma kwa mabao sita. Alicheza vizuri kuliko mimi. Hayakutosha. Usiku akanikuta nimelala mguu juu ya begi, akakaa pembeni ya godoro, akasema, "Shoga, ungesema tu." Hakuongeza neno. Ningependa angenitukana. UE nilifanya na gongo, na nafasi ya C sikuipata tena mpaka nahitimu. Haki yake.

Basi ukiumia, sema. Sema siku hiyohiyo, kwa makocha wote wawili, mbele ya shahidi. Barafu, bandeji, mguu juu, na uende hospitali ukiwa bado unakumbuka kadi ya bima uliiweka wapi.

4. Bumu, ile pesa ya mkopo, likiingia, raba kwanza, simu baadaye. Na raba za kukimbilia usichezee netiboli; kisigino chake ni kirefu na laini, ukigeuka ghafla zinakumwaga.

5. Safari ya michezo: chandarua, ndoo, soksi za kubadilisha. Na daftari. Mtasema mtasoma kwenye basi, hamtasoma, mtaimba. Lakini beba.

6. Baada ya chuo. Najua mnamwota Suleiman Nyambui, aliyekwenda kusoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso na mwaka 1980 akatwaa fedha ya mita 5,000 Moscow. Oteni. Ila njia inayopitiwa na wengi ni timu za majeshi na taasisi, kama JKT Mbweni na Uhamiaji kwenye netiboli, au ajira ya kawaida na michezo ya watumishi, SHIMIWI kwa wizara na SHIMISEMITA kwa halmashauri. Tunzeni vyeti vya ushiriki, hata vile vilivyokosewa majina. Mimi nilivipeleka ofisini siku ya kuripoti, afisa utamaduni akavisoma kimoja kimoja: wavu, netiboli, riadha. Akanipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini, akaniandika kwenye kuvuta kamba.