Re: Mtoto wa miezi 8 damu iko chini, nimpe chakula gani?

Dadangu, umesema mwanao kapimwa kliniki damu ikatoka chini na kila mtu hapa anakwambia mchicha na bitiruti. Mchicha mpe lakini usiutegemee, madini ya chuma ya kwenye majani mwili unachukua kidogo sana. Wangu wa tatu alizaliwa kabla ya siku zake na watoto hao akiba yao ya chuma huwa ndogo, kwa hiyo hii shughuli naijua.

Hata aliyetimiza siku, ile akiba huanza kuisha akifika kama miezi 6, na maziwa ya mama usiache kunyonyesha ila chuma chake ni kidogo. Viwango vya lishe vya Marekani vinasema miezi 7 mpaka 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku, mwanamume mzima 8 tu! Na tumbo lenyewe hilo dogo.

Kilichonisaidia mimi ni maini. Hapa Lamu nachukua ya mbuzi au ya kuku, natoa ule utando, nachemsha mpaka yaive ndani kabisa, yakipoa natia friza, yakishakuwa magumu nayakuna kwa greta juu ya pojo (choroko) moto zilizopondwa yanapotelea humo humo mtoto hata hajui. Pojo uziroweke usiku, na ukamulie ndimu kidogo au umpe papai hapo hapo, vitamini C inasaidia chuma cha pojo kiingie mwilini. Maini mara moja kwa wiki yatosha jamani, vitamini A yake ni nyingi mno, siku nyengine nyama ya kusaga au jodari. Sisi wa pwani twaona samaki ni samaki tu, kumbe samaki aitwaye changu chuma chake ni kidogo, jodari ile nyama nyekundu yamshinda mbali. Lakini changu naye ukimchambua miba vizuri ukamchanganya na pojo anasaidia kile cha pojo kiingie.

Sasa chai. Bibi zetu wapenda kumchovyea mtoto hamri kwenye chai alasiri, na chai inazuia chuma, mwambie bibi kwa adabu amchovyee kwenye mchuzi. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa kikombe yangoje mwaka.

Dawa ya maji ya chuma usijinunulie kwa kukisia, daktari amuangalie na malaria kwanza. Akimwandikia, choo kitakuwa cheusi usishtuke, na chupa iweke juu kabisa kabatini, mtoto akiinywa nyingi ni sumu.