Pointi za sprinti hazilinganishwi kati ya timu

SWALI: Tuko tisa, tunatengeneza programu ya mikopo ya SACCO hapa Ntinda, Kampala. Tunafuata Skramu (Scrum), utaratibu wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti; yetu ni ya wiki mbili. Kila asubuhi tunatumia dakika 40 kumweleza meneja tulichofanya jana. Sasa anataka tufikishe pointi 60 (alama tunazozipa kazi kulingana na ukubwa wake) kwa sprinti kwa kuwa timu ya pili inazifikisha. Sisi tunapata 34. Ndivyo Skramu inavyosema?

JIBU: Sivyo, ndugu msomaji. Mwongozo wa Skramu wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waanzilishi wake, toleo la 2020, hautaji pointi popote. Ni desturi ya ziada, na inafaa pale timu yenyewe inapoitumia kukisia kazi itakayoingia sprinti ijayo.

Pointi hupatikana kwa kulinganisha. Mnachagua kazi ndogo mnayoijua, tuseme kubadilisha maneno ya SMS ya kukumbusha marejesho, mnaipa 2, kisha nyingine zote mnazipima kwa hiyo. Kama wenzenu kazi ya namna hiyo wameipa 5, basi 60 yao ni kazi ndogo kuliko 34 yenu. Meneja analinganisha shilingi ya Uganda na ya Kenya bila kuuliza bei ya kubadilishia.

Akilazimisha, 60 ataipata, tena upesi: kazi ya 3 itaitwa 5, ya 5 itaitwa 8. Hilo lina nafuu. Hatari ni majaribio kurukwa ili kadi, yaani kazi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa timu, ihesabiwe imekwisha. Chukua malipo ya Mobile Money: mwanachama anabonyeza “lipa” shilingi 50,000, jibu linachelewa, anabonyeza tena. Kama kila ombi la malipo halibebi namba yake ya kipekee, inayobaki ileile likirudiwa, anakatwa mara mbili. Jaribio la kubonyeza mara mbili liandikeni kwenye masharti ya kuiita kadi “imekamilika”. Kadi isiyolipita ina pointi sifuri, hata kama imebaki kidogo tu.

Kikao cha asubuhi ni dakika 15, nacho ni cha watengenezaji kupanga siku yao kuelekea lengo la sprinti. Yale maswali matatu ya jana, leo na vizuizi yaliondolewa kwenye mwongozo mwaka 2020, ingawa wengi bado wanayakariri kama sala. Fungueni ubao, anzeni na kadi zilizo karibu kukamilika, na kwa kila moja ulizeni: inazuiwa na nini, nani ataisukuma leo? Mjadala wa watu wawili uendelee baada ya kikao.

Meneja naye ana haki ya kujua kazi itaisha lini. Chukueni kadi 20 za mwisho zilizokamilika, hesabuni siku tangu kila moja ilipoanza hadi ilipokwisha, zipangeni kutoka fupi hadi ndefu, kisha tazameni ya 17. Ikiwa ni siku 9, mwambieni kuwa kadi 17 kati ya 20 huisha ndani ya siku 9. Akiona ni nyingi, punguzeni kadi zinazofanywa kwa wakati mmoja: watu tisa wenye kadi 14 wazi waanze kwa kuzishusha hadi sita, wawili wawili wakishirikiana. Baada ya sprinti mbili au tatu, hesabuni upya.