Kisigino kwenye mashine: maswali yenu kuhusu ekografi ya mifupa

Jambo sana, Dokta. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kadutu, hapa Bukavu, nina miaka 58. Walikuja parokiani na mashine ndogo, nikaingiza mguu, wakapima kisigino. Karatasi imeandikwa T -2.7. Wanasema nina osteoporosisi. Nianze dawa?

Mama mwalimu, usianze dawa kwa sababu ya karatasi hiyo peke yake. Wala usiitupe.

Osteoporosisi ni mfupa uliolika ndani kwa ndani, ukabaki na matundu mengi, hata ukavunjika kwa kishindo ambacho mfupa mzima ungekivumilia. T ni alama inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya: kadiri inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mfupa ulivyo dhaifu. Ile -2.5 inayotajwa kuwa mpaka wa ugonjwa iliwekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1994. Iliwekwa kwa ajili ya densitometri, mashine ya eksirei inayopima nyonga na uti wa mgongo. Ekografi ya kisigino, inayotumia sauti, hupima kitu kingine kwa njia nyingine, kwa hiyo -2.7 ya kisigino hailingani na -2.7 ya nyonga. Aliyekuambia "una osteoporosisi" alikwenda mbali kuliko mashine yake.

Lakini mashine hiyo haidanganyi pia. Wanawake waliokwisha koma hedhi, na wanaume waliopita miaka 65, wakiwa na kipimo cha chini kisiginoni huvunjika mifupa zaidi kuliko wenzao. Hilo limechunguzwa vizuri. Ichukulie karatasi yako kama chekeche: imekutenga miongoni mwa watu wanaopaswa kuangaliwa kwa makini.

Sasa mimi ningekuuliza haya. Umewahi kuvunjika mkono au nyonga kwa kuteleza tu? Mama yako mzazi alivunjika nyonga? Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45? Umewahi kumeza prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, kwa miezi? Umepungua urefu, nguo za zamani zinaburuta? Mtu ambaye nyonga au pingili ya mgongo imekwisha vunjika kwa kuanguka kidogo, daktari anaweza kumwanzishia dawa hata kama densitometri haipatikani karibu. Nenda na karatasi yako na majibu hayo.

Ni ekografi ileile ya wajawazito? Haiunguzi mwili?

Sauti ni ya namna moja, ile ambayo sikio la mtu haliisikii, ila kazi ni tofauti. Ekografi ya mimba husikiliza mwangwi na kuchora picha. Ya kisigino haichori chochote: upande mmoja wa mguu kibao kinatoa sauti, upande wa pili kibao kingine kinaipokea. Mashine inahesabu mambo mawili, yaani sauti imepita kwa kasi gani na imefifia kiasi gani njiani. Mfupa ulioshikamana huipitisha haraka na kuifyonza zaidi. Mfupa wenye matundu huichelewesha. Njia hii ya kupima kufifia kwa sauti ilielezwa Uingereza mwaka 1984. Kisigino kilichaguliwa kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, pande zake karibu zinalingana, na karibu mfupa wote ni wa ile sehemu ya ndani yenye vijumba kama sega la asali, ambayo ndiyo huanza kulika.

Hakuna mionzi. Ni dakika chache na jeli ya baridi.

Dokta, mama yangu ana miaka 71, anakunywa alendronati, dawa ya osteoporosisi, tangu mwaka jana. Naweza kumpeleka kwenye kisigino kila miezi mitatu tuone kama dawa inafanya kazi?

Hapana, kaka, na naomba unisikilize kwa sababu nimeona familia zikilia bure kwa namba hizi. Mfupa unaotibiwa hubadilika asilimia chache tu kwa mwaka. Kisigino kilekile ukikipima asubuhi na jioni, namba inaweza kutofautiana kwa sababu mguu umevimba, umekuwa wa baridi, au umewekwa kidogo pembeni. Kosa la kupima linaweza kulimeza badiliko lenyewe. Namba ikishuka, mama ataacha dawa akidhani imeshindwa. Ikipanda, atadhani amepona. Densitometri ndiyo hutumika kufuatilia, kila mwaka mmoja au miwili, kwenye mashine ileile.

Italia wametengeneza ekografi nyingine inayopima nyonga na kiuno moja kwa moja, na inatia moyo, lakini siyo hiyo iliyoletwa parokiani.

Feza ya kupima kila mara itumie kuhakikisha dawa inamezwa inavyotakiwa. Kidonge cha 70 mg ni mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu glasi nzima. Si chai, si maziwa. Kisha akae wima au atembee nusu saa bila kulala, kwani kidonge kikikwama kooni huchoma. Mpime urefu ukutani kila miezi sita, chora alama ya penseli. Akipungua sentimita 2 au zaidi, au mgongo ukamshika ghafla, apigwe picha ya mgongo.

Mimi ni msichana wa miaka 24. Nilikuwa nakunywa dexa ili ninenepe, karibu mwaka mzima. Nipime kisigino?

Dada yangu, kisigino kisubiri. Kilicho haraka ni hicho kidonge. Deksametazoni, ndiyo dexa yako, ni ndugu ya prednisoloni: 0.75 mg yake ina nguvu sawa na 5 mg ya prednisoloni, na kiasi hicho kikimezwa kila siku kwa miezi mitatu kinatosha kuanza kula mfupa. Unene ulioupata ni maji na mafuta. Kama bado unameza, usiache ghafla: dexa huiga homoni ya mwili, na mwili umezoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje na unaweza kuzimia kwa kukosa. Muone daktari akupunguzie taratibu. Kama uliacha, mwambie pia, hasa ukiwa na uchovu au kizunguzungu. Kwa umri wako, hesabu za kisigino hazikusemei mengi. Mfupa mchanga una nafasi ya kurudi.

Chakula gani kinajenga mifupa? Maziwa ni ghali.

Samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sambaza. Wanaliwa wazima na mifupa yao, na kalisi, madini yanayojenga mfupa, iko humo. Mama wa zaidi ya miaka 50 anahitaji karibu 1,200 mg kwa siku, basi aongeze maharagwe, sombe (majani ya muhogo), na jibini ya Masisi ikipatikana. Lengalenga (mchicha) ina kalisi, lakini sehemu yake hufungwa isifyonzwe, usiitegemee peke yake. Jua pia, maana ngozi hulitumia kutengeneza vitamini D inayosaidia kalisi kufyonzwa.

Bibi yetu anapinda mgongo, unamuuma hata usiku. Zamani alibeba mizigo kwa kamba ya paji la uso. Wanasema ni osteoporosisi. Tumpeleke kwenye mashine?

Mpelekeni hospitali kwanza. Wamama wanaopanda vilima vya Bukavu na magunia mgongoni wamebeba mji huu, na tunawawia haraka kusema "ni uzee". Mgongo unaopinda unaweza kuwa pingili zilizobonyea kwa osteoporosisi. Unaweza pia kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika kabisa kikiwahiwa. Maumivu ya usiku, homa, jasho, kukonda, au miguu kuanza kulegea: msingoje. Kisigino hakiwezi kuonyesha kifua kikuu. Aombewe picha ya mgongo na kipimo cha TB wiki hii, na msimpeleke kukandwa mgongo kabla ya picha hiyo.