Bakapu ipi irudi kwanza? Maswali yenu kuhusu kurejesha data

Mimi ni mhasibu wa SACCOS, Iringa. Programu yetu huchukua nakala kamili kila Jumapili usiku na nakala nyongeza kila jioni ya siku ya kazi. Kompyuta imekufa Alhamisi asubuhi, diski mpya ninayo. Nirudishe nakala ya Jumatano peke yake?

Hapana dada, ukirudisha hiyo tu utapata kazi ya Jumatano tu. Nakala nyongeza hubeba kilichobadilika tangu bakapu iliyoitangulia, iwe kamili au nyongeza nyingine. Kwa hiyo anza na nakala kamili ya Jumapili, ifuate ya Jumatatu, kisha Jumanne, mwisho Jumatano. Usiruke hata moja.

Kama mngekuwa mnachukua aina ya bakapu iitwayo “nakala tofauti” (differential), kazi ingekuwa fupi. Hiyo hubeba kila kilichobadilika tangu nakala kamili, hivyo ungerudisha ya Jumapili na ya Jumatano, basi. Gharama yake ni nafasi. Tuseme kila siku mnaingiza GB 2 mpya: nyongeza za siku tatu zitakuwa GB 2, 2 na 2, lakini nakala tofauti zitakuwa GB 2, 4 na 6.

Sasa angalia kwa makini mafaili mliyoyafuta au kuyahamisha katikati ya wiki. Kwenye nakala ya Jumapili bado yamo palepale pa zamani. Programu nzuri huweka kumbukumbu ya kilichofutwa na kukiondoa wakati wa kurejesha. Ukikopi kwa mkono, folda juu ya folda, yanafufuka. Mwanachama mliyemtoa Jumanne kwenye folda ya wanaodaiwa mkampeleka kwa waliomaliza, ataonekana pande zote mbili, na mzee wa watu atapigiwa simu ya deni alilokwisha lipa. Tumia programu ileile iliyochukua bakapu, na urejeshe kwenye folda tupu.

Nyongeza yangu ya Jumanne haifunguki, inasema faili limeharibika. Ya Jumatano ni nzima. Nifanyeje? (Fundi, Morogoro)

Pole sana kaka. Kwanza kopi vipande vyote kwenye diski nyingine, ujaribu na hizo kopi, usiguse vya asili. Ikishindikana, sehemu ya uhakika inaishia Jumatatu. Kama programu yako huhifadhi faili zima kila linapobadilika, fungua ya Jumatano uchomoe mafaili yake moja moja, maana hayategemei Jumanne. Kama huhifadhi sehemu za diski zilizobadilika tu, au ni databesi, ya Jumatano haina pa kushika. Ndiyo sababu mimi hupendelea nakala tofauti kwa ofisi ndogo: ya Jumanne ikioza, ya Jumatano haijali.

Shuleni kwetu tunatumia SQL Server, programu ya databesi. Nakala kamili ni ya Jumapili, nakala tofauti kila jioni. Jumatano mchana fundi alichukua nakala kamili kwenye flashi yake, akaondoka nayo. Leo nakala tofauti ya Ijumaa inakataa kuingia juu ya ile ya Jumapili. (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, mpigie fundi simu sasa hivi, kabla hajaformati hiyo flashi. Nakala tofauti huhesabu kuanzia nakala kamili ya mwisho, na tangu Jumatano mchana nakala kamili ya mwisho ni ile aliyoondoka nayo. Ikiwa imepotea, rudisha ya Jumapili na nakala tofauti ya Jumanne. Kama mlikuwa mnachukua pia nakala za logi (kumbukumbu ya kila badiliko kwenye databesi) bila kukatiza, mmepona: nakala kamili ya katikati haikati mnyororo wa logi, endelea nazo kutoka hapo.

Wakati wa kurudisha, kila kipande kiingie kwa NORECOVERY (databesi ibaki imefungwa ikisubiri kingine), cha mwisho tu ndicho kipewe RECOVERY (ifunguke). Ukiifungua databesi mapema, haitapokea vipande vilivyobaki, utaanza upya. Na fundi akija tena kuchukua nakala ya pembeni, aweke COPY_ONLY kwenye amri yake, ili nakala tofauti zisianze kuhesabu kutoka kwenye nakala yake.

Virusi vimefunga mafaili yote ya duka, pamoja na diski ya nje ya bakapu iliyokuwa imechomekwa muda wote. Kuna nakala kuukuu kabatini. (Mombasa)

Hiyo ya kabatini usiichomeke kwenye kompyuta hiyo. Futa mashine yote, weka mfumo upya, ndipo uirudishe, tena ukitumia kopi yake. Kuanzia sasa nunua diski mbili uzipokezane, moja daima iwe imechomolewa na iko nyumbani.

Google Drive si bakapu tosha?

Hapana, Google Drive husawazisha (sync), na kusawazisha si bakapu. Ukifuta faili kwenye laptopu, na kule linafutika. Kwenye taka hukaa siku 30 tu.

Nitajuaje kuwa bakapu zangu ni nzima? Programu huandika kila siku kuwa imefanikiwa.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu mtandaoni, alifuta folda ya databesi kwenye seva kuu kwa makosa. Alidhani yuko kwenye ile ya akiba. Aliposimamisha amri, kati ya GB 300 hivi zilibaki kama 4.5. Wakaenda kwenye bakapu za kila siku, hawakukuta kitu: chombo cha kuzichukua kilikuwa cha toleo la zamani kuliko databesi, kikawa kinashindwa, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski (nakala ya diski ilivyokuwa wakati huo) ambayo mtu aliichukua saa sita kabla kwa kazi nyingine kabisa. Saa hizo sita za data zilipotea.

Kwa hiyo fanya hivi mara moja kwa mwezi. Chukua kompyuta nyingine, rudisha nakala kamili pamoja na vipande vyake vyote mpaka cha jana. Fungua daftari la mauzo, tafuta risiti ya mwisho uliyoikata jana jioni, uilinganishe na karatasi iliyo mezani. Andika pia ilichukua saa ngapi, ili siku mashine ikifa umwambie bosi lini mtafungua.