Fundi Anajibu: Sauti Ipo, Picha Hakuna

Habari fundi. Nilijaziwa muvi kwenye flashi, nikifungua kwenye laptopu yangu sauti inatoka fresh ila picha nyeusi tii. Kwenye simu ya mdogo wangu zinaonekana vizuri tu. Jamaa aliyenijazia anasema kioo kimekufa. – Msomaji, Morogoro

Kioo kizima ndugu yangu, kingekuwa kimekufa hata hiyo pleya usingeiona. Tatizo ni kodeki, yaani ule utaalamu wa kubana video na kuifungua tena. Iko hivi, faili likiandikwa mwishoni mp4 au mkv hilo ni gunia tu, halikwambii ndani kuna mchele au maharage, na siku hizi wajazaji wanapenda muvi zilizobanwa kwa H.265, wengine wanaiita HEVC, sababu ubora uleule unakaa karibu nusu ya nafasi ya H.264 ya zamani, kwa hiyo flashi moja inabeba nyingi. Simu ya mdogo wako inaijua. Pleya iliyokuja na laptopu yako haiijui, basi inacheza sauti inayoielewa, picha inaiacha.

Weka VLC, ni pleya ya bure na kodeki zake inatembea nazo yenyewe. Ila ichukue videolan.org, sio zile tovuti zenye vitufe vitano vya kudaunlodi hujui cha kweli kipi, na ukiambiwa ushushe furushi la kodeki la bure pita mbali kabisa, nimesafisha virusi vya hivyo kwenye mashine za watu mpaka nimechoka.

Picha ikija lakini inakatakata au inatoa mabaka ya kijani, bonyeza Ctrl na P, ingia Input / Codecs, pale kwenye Hardware-accelerated decoding weka Disable, bonyeza Save, alafu funga VLC ufungue tena. Bado inakwama? Basi mashine ni ya zamani, laptopu nyingi za kabla ya 2015 hazina sehemu maalumu ya kufungua H.265, prosesa inabeba mzigo wote peke yake na feni inalia kama mashine ya kusaga. Mwambie jamaa akujazie za H.264, tena ukubwa wa picha wa 720p unatosha sana kwa kioo hicho.

Fundi mbona mtu kwenye muvi anafunga mdomo ndo maneno yanatoka? Natumia sabufa ya Bluetooth. – Dada wa Tanga

Ndo hiyo sabufa dada, Bluetooth inachelewesha sauti kidogo. Chomeka waya kama upo. Kama haupo, ndani ya VLC bonyeza J, kila ukibonyeza sauti inawahi milisekunde 50, ukizidisha K inairudisha, na maandishi ya chini yakichelewa au kuwahi tumia G na H. Ila kama muvi inaanza sawa alafu sauti inaachwa taratibu mpaka mwisho wamepishana kabisa, hapo faili lenyewe limetengenezwa vibaya, usihangaike na J, tafuta kopi nyingine.