Duka limehama, ramani imebaki

Karibu maswali yote niliyopokea safari hii ni ya watu waliobeba rafu zao kwenda fremu nyingine. Mwenye nyumba kapandisha kodi, au kataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, basi mtu kahama. Yanayofanana nimeyajibu mara moja.

Kaka, nimehamisha saluni kutoka Sinza kwenda Kimara. Nifute ile ya zamani kwenye ramani ya Google nianze nyingine? (Mwenye saluni, Kimara)

Usifute, dada yangu. Na usiguse pale panaposema biashara imefungwa moja kwa moja, pale ni pa aliyefunga biashara. Wewe umehama tu. Ukifuta unatupa nyota ulizokusanya kwa miaka, maneno mazuri waliyoandika wateja na picha walizopiga wenyewe. Kwa biashara nyingi vyote hivyo vinahama nawe ukibadilisha anwani ndani ya wasifu uleule.

Ingia kwa akaunti yako, hariri wasifu, andika anwani mpya. Kisha sogeza pini kwa kidole mpaka ikae juu ya paa la fremu yako. Hatua hii wengi wanaiacha. Kimara ukiandika jina la barabara peke yake, pini inaweza kuangukia katikati ya Barabara ya Morogoro, na mteja aliyeshushwa na bodaboda upande usio wake atavuka njia za mwendokasi akikutafuta wewe. Hilo si jambo dogo, pale magari hayapunguzi.

Jiandae kuthibitisha upya kwa video. Simama nje, onyesha barabara na maduka jirani, sogea kwenye bango lenye jina la saluni, fungua kufuli kwa ufunguo wako, ingia, onyesha viti na vikaushio. Iwe video moja isiyokatwa, na isionyeshe sura za wateja wala karatasi za benki. Kuna mama nilimsaidia pale Mabibo: tulirekodi kila kitu, tulipoitazama tukakuta bango bado limeegemea ukuta ndani, nyuma ya ndoo ya rangi. Ilibidi amwite fundi alitundike kwanza, tukaanza upya.

Siku za kuhamisha vitu, weka alama ya kufungwa kwa muda. Anwani ibadilishe siku unayofungua mlango mpya. Ukiibadilisha wiki mbili kabla, utawatuma watu kwenye fremu yenye mchanga na saruji.

Aliyetufungulia akaunti za duka ni kijana aliyeacha kazi mwaka juzi. Hapokei simu. Tunabadilishaje anwani? (Duka la vipuri, Ilala)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara naumia kulisoma.

Kwanza njia. Tafuta duka lako kwenye Google, bonyeza pale pa kudai umiliki, tuma ombi. Litamfikia aliyenao kwa barua pepe, naye atapewa siku chache za kujibu. Akinyamaza, mara nyingi utaruhusiwa kujithibitisha mwenyewe. Ukurasa wa Facebook wenye msimamizi mmoja tu ambaye hapatikani ni kazi ngumu zaidi. Instagram nayo, bila ile barua pepe au namba ya simu iliyofunguliwa nayo, mtasumbuka sana.

Kwa hiyo kabla ya yote mtafuteni huyo kijana kwa heshima. Wengi hawana nia mbaya. Mliachana vizuri? Kuna mshahara wake wa mwezi wa mwisho hamkumlipa? Mlipeni, kisha mumwombe awakabidhi.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu Kariakoo kurekebishiwa miwani kwenye duka alilolizoea. Ramani ilitufikisha vizuri kabisa, kwenye shata iliyofungwa. Namba ya simu iliyoandikwa kwa chaki ilikuwa imefutika nusu. Muuza chipsi wa jirani akatuambia, "Hao wamehama tangu Ramadhani, mama, kila siku watu wanakuja kusimama hapo mliposimama." Mama ana miaka sabini na mbili, na tulikuwa tumetembea juani kutoka kituoni. Baadaye nilimpata mwenye duka. Akaniambia alishindwa kubadilisha kwa sababu akaunti ilikuwa na kijana aliyeondoka.

Sikumlaumu kijana. Mtu akinunua friji la soda, risiti anaiweka kwenye droo na kufuli juu. Akaunti inayomletea wateja anamwachia mpwa aifungue kwa barua pepe yake mwenyewe, nywila aijue yeye peke yake. Akaunti ni mali ya duka kama lilivyo friji. Fungua barua pepe ya duka. Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako na alama za vidole vyako. Mfanyakazi mpe usimamizi, umiliki ubaki kwako. Siku anayoondoka, mtoe siku hiyohiyo, hata kama mmeagana kwa kukumbatiana.

Na ile laini ya duka la zamani msiitupe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na namba za uthibitisho za kuingilia akaunti zenu zitaanza kuingia kwenye simu ya mgeni.

Niliweka tangazo la kuhama kwenye status ya WhatsApp siku mbili mfululizo. Haitoshi? (Muuza viatu, Mbagala)

Haitoshi. Nimeshasema, na nasema tena: status inakaa saa 24 inapotea, na wanaoiona ni wale tu waliohifadhi namba yako. Mteja anayekuja mara mbili kwa mwaka, wakati wa Idi na wakati wa shule kufunguliwa, hakuiona. Badilisha anwani kwenye wasifu wa WhatsApp Business, halafu andika ujumbe wa salamu unaojiendesha wenyewe: "Tumehama, sasa tupo mahali fulani." Uache hapo miezi mitatu.

Si namtumia tu mteja lokesheni? (Fundi simu, Temeke)

Unaweza, lakini angalia unatuma ipi. WhatsApp kuna ya mahali ulipo na kuna ile ya kufuatilia unakotembea, ambayo inakata baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8 kadiri ulivyochagua. Mafundi wengi wanatuma hiyo ya pili usiku wakiwa wamelala nyumbani Chanika, asubuhi mteja anaamka haina kitu. Wengine wanatuma ya kwanza wakiwa bado nyumbani, na mteja anagonga geti la familia. Simama mlangoni mwa fremu, tuma lokesheni kwenye namba yako ya pili, iwekee nyota. Hiyo ndiyo utakayosambaza daima.

Natengeneza keki. Nimerudisha kazi nyumbani kwa sababu ya kodi, na sitaki watu wajue ninapokaa. Nitatoka kwenye ramani? (Mwoka keki, Tabata)

Hutatoka. Google inakuruhusu kuficha anwani na kutaja maeneo unayopeleka mzigo: Tabata, Segerea, Buguruni, popote unapofika. Ondoa anwani ya zamani, usiandike ya nyumbani, jaza maeneo.

Ila jihadhari na milango mingine. Anwani kwenye WhatsApp Business usiijaze. Instagram usiweke mahali kwenye picha ulizopiga jikoni. Picha ya keki yenye geti lako na namba ya nyumba nyuma yake inamweleza mtu kila kitu. Wewe ni mwanamke, unapokea pesa za oda, na mara nyingine uko peke yako na watoto. Usione haya kukutana na mteja kituoni au kumtumia bodaboda unayemjua. Mteja wa kweli anaelewa.

Lipa namba itabadilika nikihama? (Duka la jumla, Manzese)

Haibadiliki. Bandua ile karatasi kwenye ukuta wa zamani.

Anwani yetu tunaandika "karibu na stendi ya Ubungo". Mbona wageni wanapotea? (Stoo ya magodoro, Ubungo)

Kwa sababu mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Mgeni anayetoka Singida leo akisikia stendi, anashuka Mbezi na kuanza kuwatafuta huko. Ninyi hamkuhama, alama yenu ndiyo iliyohama, na anwani inabidi ibadilike vilevile.

Sichukii alama za mtaani. Hapa mjini ndizo zinazotufikisha, na dereva wa bajaji ataelewa Ubungo Maziwa haraka kuliko jina lolote la barabara. Ila zisikae peke yake. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba, mitaa ina majina, na kila kata ina postikodi ya tarakimu tano. NaPA, programu ya simu ya anwani hizo, itakuonyesha ya kwako. Andika namba ya nyumba, mtaa, kata, postikodi, halafu malizia na alama ambayo haitabomolewa mwakani. Pale namba haijafika, ramani ya Google ina msimbo mfupi wa herufi na tarakimu kwa kila sehemu. Nakili huo.

Na anwani iandikwe vilevile kila mahali. Facebook ikisema Mtaa wa hivi na Google ikasema vingine, mteja ataamua kwamba mojawapo ni ya matapeli.

Nina ofisi ndogo ya utalii Arusha, tunahama mtaa. Nianzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Anzia kwenye barua pepe ulizokwisha kutuma. Wageni wenu huweka nafasi miezi kadhaa kabla, wakiwa na anwani ya zamani kwenye karatasi walizochapisha. Waandikie mmojammoja, wa karibuni kufika kwanza. Kisha saini ya chini ya barua pepe, tovuti, TripAdvisor, ramani. Mgeni aliyelipa akafika kwenye mlango uliofungwa hafikirii mmehama, anafikiri ameibiwa.

Nimetoka Mikocheni kwenda Tabata. Mitandaoni nimemaliza kila kitu. Nipumzike? (Duka la vifaa vya ofisi)

Bado. Umetoka Kinondoni umeingia Ilala, na leseni ya biashara inatolewa na halmashauri ya mahali ulipo, kwa hiyo nenda kaulize mapema kabla ya wakaguzi kukukuta. Taarifa zako za TIN, namba ya mlipa kodi, zibadilishwe TRA, na za jina la biashara BRELA, wanaosajili majina ya biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Wateja wa maofisini wanalinganisha vitu hivi kabla ya kulipa ankara.

Usisahau mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Toa risiti moja leo, usome mistari ya juu. Nina hakika bado imeandikwa Mikocheni.