Vinyago vidogo vya kukusanya: kabla hujauliza kama ni mpingo, uliza kachonga nani (uzoefu wangu Bagamoyo)

Wakuu salama? Kuna mdau hapo juu kauliza, ameanza kukusanya vinyago vidogo vya mezani, anataka kujua atatambuaje mpingo wa kweli, je vitakuja kupanda bei, na kama anaweza kumtumia dada yake Uingereza. Majibu mengi niliyosoma yamekomaa na mpingo, mpingo, mpingo, utadhani watu wananunua kuni kwa kilo. Mimi niko Bagamoyo, haya mambo nayafanya miaka sasa, na kwangu hilo ni swali la pili.

Ila tulimalize kwanza. Mpingo ni mzito kuliko unavyotegemea ukiushika, hata uliokauka ukiutumbukiza kwenye maji unazama. Ndani mweusi, wakati mwingine unavuta kwenye kahawia au zambarau, na nje una kaganda ka rangi ya maziwa ambako wachongaji wengine wanakaacha makusudi kwa ajili ya urembo. Ukiwa na wasiwasi geuza kinyago, chukua pamba yenye spiriti kidogo sugua kwenye kitako. Angalizo, pamba ikitoka nyeusi usianze kugombana na muuzaji, maana hata mpingo halisi mafundi kibao wanaumalizia na kiwi ya viatu ung'ae. Cha kuangalia ni mbao iliyobaki pale uliposugua, kama imekuwa nyeupe au ya njano, na si kale kaganda ka nje, basi hapo mkuu umeuziwa mti mwingine kavishwa suti.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe. Pita vibanda vya vinyago hapa mjini, au nenda Mwenge Dar, utakuta Wamasai wenye mikuki wamepangwa mstari, twiga, vifaru, wote mapacha. Vingi ni mpingo kweli kabisa. Mmoja kakata magogo, mwingine kachonga, dogo mwingine kapiga msasa, na wa mwisho kapaka rangi, ukimuuliza muuza duka nani kafanya anakwambia "vijana". Sina shida na hiyo biashara, watu wanasomesha watoto, na zawadi ya harusi unapata bei poa. Lakini wewe umesema unakusanya, na kitu ambacho hakuna anayejua kimetoka mkononi mwa nani, kesho ukitaka kukiuza utaongea nini zaidi ya "ni mpingo"?

Kuna mstaafu mmoja wa Kijerumani huwa anakuja kupumzika huku ufukweni, tulizoeana kwa sababu ya vinyago. Yeye kwao alirithi vile visanamu vya Hummel, vya kauri, vitoto vimebeba vikapu na miavuli. Nilichojifunza kwake ni tabia moja, kitu cha kwanza anakigeuza juu chini asome kitako. Visanamu vile kiwanda cha Goebel kilianza kuvitoa 1935 kutokana na michoro ya mtawa anaitwa Maria Innocentia Hummel, alifariki 1946, na jina lake limo kwenye kila kimoja. Lakini huyu sista alikuwa anachora, waliofinyanga zile za mwanzo ni kina Arthur Möller na Reinhold Unger, na mtu wa kawaida hawajui hata kidogo. Halafu bei zake siku hizi zimeporomoka, vilitolewa vingi mno na watoto wa waliokusanya hawavitaki. Kwa hiyo mdau, hata jina likiwepo, wingi unaua.

Kwetu historia ipo, tatizo hatuandiki. Mtindo wa shetani, zile sura zilizopinda jicho moja huku sikio kule, unahusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetokea Msumbiji, miaka ya 1950 mwishoni. Inasimuliwa kwamba kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono, badala ya kutupa akakiendeleza kikawa kiumbe cha ajabu, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar akamtia moyo alete vingine. Ule mnara wa watu waliobebana, ujamaa, unatajwa na jina la Roberto Yakobo Sangwani. George Lilanga, aliyefariki 2005, akachukua mashetani akayapaka rangi kali akafika mpaka makumbusho za nje, na ndugu na wanafunzi wake wameendelea na mtindo ule ule, kwa hiyo ukiona "Lilanga" uliza Lilanga yupi. Watu watatu hao majina yanajulikana, wakati waliochonga kipindi chao walikuwa wengi sana na kazi zao ziko kwenye makabati ya watu bila hata herufi moja.

Mimi ninayemnunulia ni mzee mmoja, asili yao Newala, simtaji hapa kwa sababu hapendi kusumbuliwa. Anakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, gogo kalibana kwa miguu, anaanza na tezo, anakata kwa macho tu hakuna mchoro, halafu patasi, halafu tupa, msasa mwisho kabisa. Kazi ikibaki jioni anaifunika na gunia bichi ili isikauke haraka ikapasuka. Kwa muda sasa anachonga watu wa mnada wa samaki, wadogo wa kukaa kiganjani, kuna mpiga mnada mdomo wazi, mama wa kukaanga ameshika upawa, mbeba tenga shingo imezama mabegani, na mzee wa kukagua samaki ambaye hanunui kamwe, huyo kila mtu wa hapa anamjua kwa sura. Nilimwomba anichongee mpiga mnada mwingine kama yule kwa ajili ya rafiki yangu, akaniletea kanuna. Namuuliza, shikamoo mzee, mbona huyu hacheki? Ananijibu, "Mwanangu, leo bei ya dagaa imeshuka, acheke nini?" Rafiki yangu alikuwa anataka pacha, mimi nikachukua huyo aliyenuna fasta.

Kuhusu saini, alikuwa haweki. Kuna muuza duka alikuwa akinunua kwake, jina hataki kuliona, mteja akilijua si atakuja moja kwa moja kwa mzee. Sasa mimi namwomba aweke alama yake na mwaka kwenye kitako kwa ncha ya patasi, na nina daftari, naandika kinyago gani, mwezi gani, nimelipa ngapi, na alichosema kuhusu huyo mtu. Nampiga picha akiwa amekishika, kwa ruhusa yake. Vijana wachache niliowajua waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wenyewe wanasaini bila kuombwa, na wengine wana kazi nzuri kuliko sifa zao, waangalieni kipindi cha tamasha la sanaa la hapa, japo bei za wiki ile zinapaa kwa ajili ya wageni. Nenda siku ya kawaida asubuhi, kaa uone mtu anachonga, nunua kwake. Usilalie bei mpaka mtu akauza kwa sababu ya njaa.

Kupanda thamani sijui mtu wa kukuhakikishia, akitokea anakupiga huyo.

Dada wa Uingereza: mpingo, pamoja na miti mingine ya jamii yake ya Dalbergia, uliingia Januari 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu mwishoni mwa 2019 vitu vilivyokwisha kutengenezwa, mbao yake ikiwa haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, havihitaji kibali cha CITES. Kwa kinyago cha kiganjani uko salama upande huo, ila weka risiti, na ulizia ofisi ya misitu kuhusu taratibu za huku kwetu kabla hujafunga boksi.

Mwambie pia asikiweke juu ya hita wala dirishani penye jua. Kimekulia kwenye unyevu wa pwani, hewa kavu ya ndani inakipasua kuanzia kwenye kitako na kichwani, pale mbao ilipokatwa kukingama. Kile kiganda cheupe ndicho wadudu wanakipenda, akiona unga unga chini akitenge na vingine. Na yule aliyeuliza kuhusu vanishi, usipake mkuu, nta kidogo na kitambaa laini vinatosha.